Barua Ziingie Tu

Kulikuwa na shirika moja la kusaidia watoto wenye maradhi ya moyo. Mzazi akitaka mtoto wake apelekwe kufanyiwa upasuaji, alimwandikia barua pepe mama mmoja pale ofisini, na mama huyo ndiye aliyepanga kila kitu na hospitali. Siku moja mama huyo akakosana na mkurugenzi mbele ya watu. Mkurugenzi akamrudisha nyumbani, eti achunguzwe, kisha akamwita mtu wa kompyuta, yule anayetunza seva ya barua pepe.

"Akaunti yake isimamishe. Asiingie tena."

"Sawa, bosi, lakini afadhali tuifunge kabisa," akajibu mtu wa kompyuta. "Tukiifunga, anayeandika atarudishiwa barua yake, ajue hakuna mtu, atafute njia nyingine. Tukiisimamisha tu, barua zitaingia na hakuna wa kuzisoma."

"Zikirudi watu wataanza kuuliza. Mimi sitaki maneno. Barua ziingie tu, tutaona baadaye."

Mtu wa kompyuta akainamisha kichwa, akabonyeza. Mnamwona huyo? Alijua, na bado akabonyeza. Mimi namkasirikia yeye kuliko hata bosi wake.

Sasa, kulikuwa na baba mmoja kijijini ambaye mwanawe hakuweza kufika chooni bila kupumzika njiani. Baba akaandika kwa simu yake: "Mama, daktari anasema tusichelewe." Kimya. Barua haikurudi, kwa hiyo akaamini imefika, na kweli ilikuwa imefika. Akaandika tena: "Najua mna kazi nyingi, sitaki kuwasumbua. Tunasubiri." Jirani akamshauri ajaribu hospitali ya misheni. Akakataa, akasema, "Hawa wameshanipokea. Nikihangaika huku na huku wataona sina subira." Ndugu zangu, mngemlaumu?

Uchunguzi ukaisha, yule mama akaonekana hana kosa, akaunti ikafunguliwa. Akazisoma barua za yule baba moja moja, mkurugenzi na mtu wa kompyuta wamesimama nyuma ya kiti chake. Ya mwisho ilisema: "Mama, mtoto tumemzika jana. Nafasi yake mpeni mwingine. Asanteni kwa yote."

Asanteni kwa yote! Alivunjika moyo yule baba, na bado akashukuru watu ambao hawakusoma barua zake.

Tumwache mkurugenzi, tujitazame sisi. Tunao watu tuliowasimamisha. Hatukuwafukuza, maana tunaogopa maneno, na kusamehe pia hatukusamehe. Wewe unayempa wifi yako mkono pale mlangoni mwa kanisa kila Jumapili, ni lini ulimsikiliza? Anakueleza mumewe hana kazi, mtoto kaacha shule, unaitikia "pole sana," na hakuna ulichosikia. Yeye anadhani umesikia. Anarudi nyumbani kukusubiri, wala hatafuti msaada kwa mwingine, kwa sababu anajua wewe upo.

Kama huwezi kumfungulia, basi mwambie wazi kwamba umemfungia mlango. Itamuuma, lakini ataondoka akabishe hodi kwingine angali ana muda. Hicho unachomfanyia sasa ni kibaya zaidi.

Tutainama kuomba sasa hivi, na kila mmoja wetu anataka Mungu amsikie. Kabla hujafumba macho, mtafute humu ndani yule uliyemsimamisha. Wengine mtakuta kiti chake ni kitupu.