Nani Asimame Juu?

Tangu atoke eda, Bi Mwanahawa alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu, amjalie kumwona twiga kwa macho yake. Basi Mgaza, tajiri wa mtaa, alipopanga safari ya Hifadhi ya Mikumi, alimchukua awe mpishi.

"Paa la gari linafunguka," alisema Mgaza. "Nitasimama hapo peke yangu. Wewe utakaa sakafuni ushike masufuria."

"Ahsante, tajiri. Sakafuni ndiko kwenye usalama."

"Usalama gani?"

"Simba si huanza na kichwa kinachochungulia? Lakini wewe mwanamume, Mungu atakulinda."

Mgaza alikohoa. "Kwani lazima mtu asimame?"

"Asiposimama mtu, nani atatuambia simba amefika?"

"Utasimama wewe!"

"Mimi mjane, tajiri? Nihurumie!"

"Nimeshasema!"

Siku ya safari Mgaza alijikunyata sakafuni, amekumbatia masufuria. "Unaona nini huko?" aliuliza kwa kelele.

Bi Mwanahawa alikuwa akitazamana uso kwa uso na twiga wa saba.

"Hatari tupu, tajiri!" alijibu, akifuta machozi ya kicheko. "Usithubutu kuinuka!"