Wajane wa Kondoo Dume

Kondoo dume wa Lugano alipotea, na wiki hiyohiyo Jumbe Ndelwa akatokea barazani na koti jipya la ngozi ya kondoo. Lugano hakugomba. Alilipapasa koti mabegani, mgongoni, hadi kwenye kola.

"Limekukaa, Jumbe! Ila ngozi hii ni ya dume wangu."

Jumbe akaangua kicheko. "Shahidi wako nani?"

"Wajane wake."

"Haya, walete! Wakinitambua, nitakupa madume wawili."

Lugano akafungulia majike wake watatu. Walimvamia Jumbe, wakamlamba mabega na shingo mpaka akaanguka chali.

"Chukua madume!" alipiga kelele. "Niondolee wajane wako!"

Lugano akaswaga kondoo watano mpaka nyumbani, kisha akanawa viganja vyake, maana vilikuwa bado vina chumvi.