Ushahidi wa Mwosha Maiti

Imetufikia kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milimani palikuwa na nyumba ya wanawake wazee wasio na mume wala mtoto wa kuwatunza. Amiri wa zamani aliijenga, akaamuru baitulmali iwape unga, mafuta na kuni, na mpishi mmoja. Waliishi humo wanawake kumi na wanane.

Akaja liwali mpya akakuta hazina imepungua, kwani mafuriko yalikuwa yamebomoa ukuta wa mji. Akaamuru kila penye matumizi papunguzwe. Nyumba ile ilianza kukatiwa kuni. Mwezi uliofuata yakaondolewa mafuta, kisha mpishi akaachishwa kazi, na mwisho unga ukafanywa nusu, na ile nusu nayo ikawa inachelewa. Mmoja wa wale wazee alisema, "Liwali amesikia hatuna meno, akauliza unga wa nini." Wenzake wakacheka. Baridi ilipoingia, huyo ndiye aliyekufa wa kwanza.

Hata baridi ilipofika katikati walikuwa wamekufa saba. Mfinyanzi aliyekuwa jirani yao akapeleka shauri kwa kadhi, akasema wazee wanauawa kwa njaa. Watu wa liwali wakajibu kuwa ni homa. Kadhi akauliza nani aliyeiona miili yao, akaambiwa hakuna ila Bibi Raihana, mwosha maiti wa wanawake. Akamwita aje siku ya Jumatatu.

Bibi Raihana alikuwa mchamungu, na katika miaka thelathini ya kuosha hakuwahi kutamka alichokiona juu ya mwili wa mtu. Kwani mwosha ameamrishwa sitara: aibu ya maiti huzikwa na maiti.

Karani wa liwali, jina lake Harithi, akamwendea nyumbani. Akamwambia, "Bibi Raihana, sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze, kama dini yako inavyokutaka. Na dada yako Lubaba, aliye katika nyumba ile, tutamhamishia kwa liwali. Atakula ashibe mpaka siku yake."

Bibi Raihana akafunga siku tatu akimwomba Mola wake amwonyeshe njia, kwa kuwa aliogopa kumfedhehesha maiti kama alivyoogopa kuficha ushahidi. Kisha akaenda kwa dada yake, akamkuta amelala, macho yamezama.

"Dada," akasema, "wanataka kukuchukua ukale kwa liwali, nami ninyamaze."

"Na hawa?" akauliza Lubaba, akiwaonyesha wenzake kwa kidevu.

"Hawa hawakutajwa."

"Basi umekuja kuniuliza nini, mdogo wangu? Unataka nikale mbele ya macho yao, au nyuma ya migongo yao?" Akapumzika, kwani kusema kulimchosha. "Juma lijalo huenda nikawa mikononi mwako. Utakachokiona kwangu, kiseme. Mimi nimekupa ruhusa."

Jumatatu Bibi Raihana akasimama mbele ya kadhi, akala kiapo. Akasema, "Niliwaosha wote saba. Katika kuosha, sisi hubonyeza tumbo la maiti kwa upole, ili kilichobaki kitoke, asizikwe na uchafu. Kwa saba hawa hakikutoka kitu. Na mmoja wao nilimtoa kinywani ukindu wa mkeka aliokuwa akilalia."

Harithi akainuka akapaza sauti, "Tazameni! Mwosha huyu amewafedhehesha maiti wa Kiislamu!"

Bibi Raihana akamgeukia. "Njaa si aibu ya aliyekufa nayo, Bwana Karani. Aibu hiyo ina mwenyewe, naye yu hai."

Kadhi akahukumu kwamba riziki ya nyumba ile irudishwe yote, na ukuta usubiri.

Liwali hakuipinga hukumu. Lakini amri ilipita kwa mwandishi, kisha kwa mwenye mhuri, na mwenye mhuri alikuwa safarini. Kisha msimamizi wa ghala akataka nakala yake. Siku nane zikapita hivyo. Katika siku hizo wakafa wawili, Lubaba mmoja wao. Bibi Raihana alimwosha dada yake, akamvika sanda, akasimama katika safu ya wanawake kumsalia. Unga uliingia siku ya tisa, ukawakuta wanawake tisa.

Wapo wanaopenda kumkomesha msimulizi hapo kwenye unga, wamsifu kadhi. Nyumbani kwetu wazee hawakuruhusu. Walitaka msikilizaji ajue kwamba liwali yule hakuiba hata kibaba. Alikuwa akisali kwa jamaa na hazina yake ilikuwa safi. Alipunguza tu, na kila mara alianza kwa wale wasioweza kufika mlangoni pake kulalamika. Watakapomkabili Siku ya Hisabu hawatahitaji mwosha wa kuwasemea, kwa maana siku hiyo matumbo yenyewe yatasema.

Ewe Mola, tunapopewa amana ya wanyonge, utujaalie tuogope wanyamavu wao kuliko wapigao kelele.