Mwashumbe na Wazee wa Pangoni

Sogeeni, wana wa Sagharo, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana ninayemtaja leo hakatizwi. Zamani zile, kabla barabara haijaupasua mlima wetu, aliishi Mwashumbe wa Ngeti, mwana wa Mghoi, Bega la Mlima, aliyevuka mto uliofurika akiwa na fahali mabegani, na aliyeogopa alikuwa fahali, si yeye.

Pamoja na nguvu zake zote, aliyetuponza ni yeye. Nalisema wazi, kwa kuwa mwenyewe hakulificha.

Alikuja Mwingereza wa kwanza, mtawala wa wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Shauri. Alikuja na karani wa pwani wa kumtafsiria, na kitabu kikubwa alimoandika kila kitu: tunakula nini, tunazikana vipi, nani anatutawala. Akauliza, "Ardhi hii ni ya nani?" Nasi tulikuwa na adabu yetu: mgeni akikiulizia kitu, mwenyeji humwambia ni chake, na mgeni aliyelelewa hukataa mara tatu. Mwashumbe, aliyekuwa amemchinjia kondoo, akajibu kwa moyo mweupe, "Ni yako, mgeni wetu. Sisi tunakutunzia tu."

Mgeni hakukataa hata mara moja. Aliandika.

Masika mawili baadaye askari walipanda na amri: Wasagharo washuke nyikani, mlima si wao. Waliokaidi walichomewa nyumba mchana kweupe, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Huko nyikani maji yalikuwa ya chumvi, na watoto wakaanza kufa. Mwashumbe aliwazika kwa mikono yake, hadi siku aliyomzika Wakesho, bintiye wa pekee. Ndipo mama yake Mghoi, aliyekwisha kupofuka kwa uzee, akamwambia, "Mwanangu, ulimi wako ndio uliotutoa kwetu. Hayo mabega yatatufaa nini?" Bega la Mlima akalia mbele za watu, wala hakuna aliyemcheka.

Alikwenda bomani akapiga magoti. Bwana Shauri akakifungua kitabu, karani akatafsiri: "Imeandikwa kwamba ardhi haina mwenyewe, nawe ulikiri. Kama ina mwenyewe, mlete mezani."

Jamani, wenyewe walikuwapo. Walikuwa katika pango la mlimani, mafuvu ya wazee wetu, yamepangwa ukoo kwa ukoo nyuma ya jiwe kubwa. Na mwiko ulikuwa mmoja: anayewatoa peke yake si mtu wetu tena, haitwi jina, hapewi moto. Mwashumbe aliujua. Alilisukuma jiwe lililowashinda wanaume wanane, akawapakia wazee wote katika tenga, akawabeba mwendo wa siku mbili bila kuwatua chini.

Akawapanga juu ya kitabu kilichofunuliwa, mmoja mmoja, akiwataja. "Huyu ni Ngeti, baba yangu. Huyu ni Mwakio, aliyemzaa Ngeti." Meza ikajaa, naye akaendelea sakafuni. "Uliniuliza ardhi ni ya nani, nikakujibu kwa adabu. Leo nakujibu kweli."

Karani alivua kofia. Bwana Shauri aliyatazama mafuvu mpaka jua likahama dirishani, kisha akachukua kalamu. Hakuturudishia mlima wote, nisiwadanganye. Alituandikia kuanzia chemchemi kwenda juu, huku tunakokaa sasa.

Mwashumbe akawarudisha wazee pangoni, akashuka. Watu waliokuwa wakipanda na mizigo wakampisha njia, wakiinamisha nyuso. Pale chemchemini alikuwa ameketi Mghoi, naye akazitambua nyayo za mwanawe. Jina asingeweza kumwita.

"Mgeni," akasema, "mlima huu ni wako."

"Si wangu, mama."

"Ni wako."

"Si wangu. Si wangu."

Akapita, na hajaonekana tena. Mama yake alikaa pale pale hadi kufa kwake. Nasi mgeni tunamlisha, tunamtandikia, lakini akiuliza ardhi hii ni ya nani, hata mtoto mdogo hulitaja jina lile lililokatazwa: ni ya Mwashumbe.