Jiko la Kuta Mbili

Hapo zamani, kabla ya babu wa babu zetu, mji wa Kilole uliishiwa kuni. Msitu ulikatwa ukaisha, wanawake wakawa wanakwenda mwendo wa kutwa kufuata mzigo mmoja. Jumbe akatangaza: atakayebuni jiko linalokula kuni chache, yeye na uzao wake watalifinyanga peke yao, na litaitwa kwa jina lake.

Siwatu alikuwa mfinyanzi. Wazo lilimjia akikanda udongo: jiko lenye kuta mbili, katikati majivu, ili moto usipotelee pembeni. Hakuweza kunyamaza. Akamchorea mchangani wifi yake Mize, mke wa kaka yake, naye mfinyanzi vilevile.

"Litapasuka," Mize akasema.

Likapasuka kweli. Akafinyanga jingine, likapasuka. Akabadili udongo, akachoma polepole, likapasuka. Siwatu hakuacha.

Kisha akaona kuni za Mize haziishi. Mzigo ulioegemezwa ukutani juzi bado ulikuwa pale. Akachungulia uani, akaona kitu cha mviringo kimefunikwa mkeka, majivu yamemwagika kando.

"Wifi, umefunika nini?"

"Chungu kibovu."

Siwatu akayatazama yale majivu, akajua ni jiko la kuta mbili. Kuibiwa kulimuuma, lakini kilichomnyima usingizi ni kwamba mikono ya Mize iliweza kilichoishinda yake. Akarudi kwenye udongo kwa hasira, akauchanganya na pumba za mpunga, na hatimaye jiko likatoka zima.

Akalibeba kwenda kwa Jumbe. Kufika sokoni, akakuta watu wamejaa. Kijoli, mwanamke wa ng'ambo ya mto asiyewajua yeye wala Mize, alikuwa anapika kunde juu ya jiko la kuta mbili, na watu walikuwa wameshazoea kuja kuonja. Mize alipopata habari akaja mbio na lake, limejaa masizi.

Wote wakasimama mbele ya Jumbe.

"Sikuiba kwa mtu," Kijoli akasema. "Nimebuni mwenyewe, nikawaonyesha watu namna ya kulitengeneza. Bila mimi wangekuwa bado njiani na mizigo kichwani."

"Mimi nilipika kabla yao wote," Mize akasema. "Muulizeni mume wangu."

Kaka yake Siwatu aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Tunalitumia tangu kabla ya mvua."

"Mbona ulilificha?" Jumbe akauliza.

Mize akamtazama Siwatu. "Miaka yote vyungu vyake ndivyo vinavyosifiwa. Nilijua nikilitoa, watasema ni lake. Alinichorea, sikatai. Lakini mchoro haukuivisha kunde."

Siwatu alikuwa analitazama lile jiko lenye masizi. Ukuta wake ulikuwa laini kuliko wa lake. Mguu ulimwasha kulipiga teke.

"Wazo ni langu," akasema, "wala sikulilalia. Njooni uani kwangu muone vigae vya yaliyopasuka. Nisingemchorea, huyu asingekuwa na cha kuficha."

Jumbe akaagiza majiko yote matatu yawashwe. Yote yakaivisha, kwa kuni chache zilezile. Moto ulipozima, akawageukia waliokusanyika, akawaomba wamsaidie kuamua.

Basi nanyi mliokaa hapa mnisaidie: mmoja alilifikiri wa kwanza asichoke, mmoja alipikia wa kwanza akaficha, mmoja alikuwa wa kwanza kuwapa watu bila kumwibia yeyote. Je, jiko liitwe la nani?