Maji ya Sekela

Hapo zamani, huko Rungwe kwenye migomba na mvua, palikuwa na mwanamke aitwaye Sekela. Sikilizeni vizuri, maana jambo hili linachemsha damu.

Sekela aliolewa nyumbani kwa mzee Mwakalobo. Kwa mila ya kwao, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akimsikia anakohoa tu, hujitanda kanga na kujibanza migombani. Miaka yote alimpikia mzee, na mzee hakuijua sura yake.

Tena kanisani alikuwa ametengwa. Kosa lake? Mumewe alikwenda migodini kabla ya kufunga ndoa ya kanisa, asirudi. Mume kaondoka, adhabu kaachiwa mke! Siku ya meza ya Bwana alikaa nje barazani, mtoto mgongoni.

Mzee naye alitamani ubatizo. Alisoma mafundisho kwa mwalimu Andalwisye, na kila Pasaka mwalimu alimrudisha: "Amri bado unazichanganya, mzee. Nje ya kanisa hakuna wokovu, na ndani hatuingizi kwa huruma."

Masika moja mzee akazidiwa. Mkewe, bibi Tumpe, akakimbia mvuani hadi kwa mwalimu.

"Mwalimu, njoo umbatize, anakufa!"

"Mimi si mchungaji, mama. Mchungaji yuko safarini. Asubiri."

Asubiri! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bibi akapiga magoti kwenye tope, akamlilia.

Nyumbani alibaki Sekela, amejibanza nyuma ya ukuta wa mianzi. Akamsikia mzee: "Maji! Nani atanipa maji ya Yesu? Jamani, hakuna mtu?"

Sekela akajishauri. Akitoka, ataitwa mkosa adabu maisha yake yote. Asipotoka, mzee atakufa akilia. Akatoka. Akachota maji mtungini, akammiminia kichwani: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mzee akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Asante, mwanangu," akasema, akakata roho.

Basi kijiji kikawaka moto. Mawifi wakamtemea mate: "Amemtazama mkwewe!" Mwalimu akafoka: "Aliye nje atamwingizaje mwingine ndani?"

Mchungaji aliporudi akasikiliza yote, kisha akasema: "Ubatizo huu ni halali; mtu akiwa anakufa, yeyote aweza kumbatiza. Tutamzika kwa kengele. Aliyemwingiza kanisani ndiye atakayetangulia na msalaba, na mbeba msalaba hafungiwi meza ya Bwana."

Haya, sasa ubatizo ukawa na wenyewe! Wa kwanza kunyoosha mkono ni nani? Mwalimu!

"Ni mimi. Nimepanda kilima hiki masika na kiangazi kumfundisha. Bila mimi angejuaje kuomba maji? Hata maneno aliyoyatamka Sekela aliyasikia kwangu."

"Ni mimi," akasema bibi Tumpe. "Nilimwombea tangu enzi za matambiko, akinipiga kwa kwenda kanisani. Nani aliyemlainisha moyo, kama si Mungu niliyemlilia?"

Sekela akaivua kanga usoni mbele ya watu wote. "Mama, nakuheshimu. Lakini wewe, mwalimu! Uliitwa, ukakaa. Mimi sikuitwa kwa jina, nikaenda. Mmenikalisha barazani miaka yote, na leo mnataka kuninyang'anya mpaka hili?"

Mchungaji akaushika msalaba, akawatazama. Jeneza lilikuwa tayari mabegani mwa watu.

Na msiniambie waubebe msalaba wote, maana anayetangulia ni mmoja tu. Je, nani alistahili kutangulia?