Ahadi ya Mtoni

Ahadi ya mtoni haifiki ng'ambo. Mmemsikia mama wa chai akiyasema hayo leo asubuhi, pale msimamizi wenu alipowaambia mmalize kwanza kujenga ghorofa ya tatu ndipo habari ya nyongeza ya mshahara izungumzwe. Mkacheka, halafu mkaja kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Vizuri mmeuliza. Methali hii ilianza hivi.

Ilianza siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili, mwaka wa mafuriko makubwa, saa nne kasorobo asubuhi, katika kivuko cha Nyamtole. Siku hiyo ndipo mambo yote yalipoharibika, na wa kwanza kuharibikiwa alikuwa mtu mmoja jina lake Matimbwa.

Zama zile daraja hapo hakuna. Palikuwa na pantoni ya mbao, na kamba nene iliyofungwa kwenye nguzo ukingo huu na kwenye nguzo ukingo ule. Wanaume ishirini na wanne walijipanga ubavuni mwa pantoni, wakaikamata kamba, wakavuta. Injini yao ilikuwa wimbo. Matimbwa alianzisha, wenzake wakaitikia, na kamba ilivutwa pale penye kiitikio tu. Asiyeelewa atasema si wangevuta kimya kimya. Wapi! Watu ishirini na wanne wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, hiyo si kazi, ni ugomvi.

Na wimbo wa kamba ulikuwa na sheria yake tangu enzi za mababu: la wimboni halina kesi. Ukimwimba tajiri kwamba vidole vyake vina gundi, tajiri atacheka. Ukimwimba karani kwamba tumbo lake hufika ofisini kabla yake, karani atacheka. Anayekasirika ndiye mshamba. Kwa hiyo wavutaji walikuwa watu huru wakiwa kwenye kamba, na watumwa wakishuka.

Matimbwa alikuwa mgane. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa amekufa tangu mwaka uliotangulia, akamwachia watoto wawili, Siwema na Shomari. Mwanamume wa kushinda mtoni hawezi kulea, kwa hiyo watoto walikaa ng'ambo kwa bibi yao, Bi Mwantumu, na kila pantoni ilipofika upande ule waliteremka gatini kumwona baba yao. Bi Mwantumu alikuwa mwanamke wa haki lakini hana maneno ya asali. Alimwambia mkwewe waziwazi kwamba unga anaoleta hautoshi watu watatu. Mwezi ukiisha hali ikiwa ileile, atawachukua wajukuu na kwenda nao kwa kaka zake, huko bara, mwendo wa siku sita. Matimbwa alijua kwamba wakienda huko atawaona tena wakiwa na ndevu na ushungi.

Alichotaka ni thumni, yaani senti hamsini. Thumni moja juu ya shilingi ya siku, kwake na kwa kila mvutaji. Mkuu wa kivuko, Bwana Sengondo, alikuwa ameombwa mara tatu. Mara ya kwanza alisema maombi hayaletwi kwa mdomo, yaletwe kwa barua. Matimbwa hakujua kuandika. Akamlipa mwandishi wa sokoni, akaleta barua. Bwana Sengondo akasema barua ya mkono haisomeki, ipigwe mashine. Ikapigwa mashine. Akaiangalia sana, akasema imekuja katikati ya mwaka, na nyongeza huzungumzwa mwanzo wa mwaka. Mwanzo wa mwaka ulipofika alikuwa likizo. Ndivyo walivyo wakubwa. Hawakatai, kukataa kunahitaji ujasiri. Wanakuzungusha mpaka uchoke, halafu wanasema ulichoka mwenyewe.

Sasa Jumanne hiyo Bwana Sengondo alikuwa anavuka kwenda kumpokea mkubwa wake, aliyekuja kukagua upande wa pili. Alivaa suti nyeupe, na gari lake likapandishwa kwenye pantoni, limesuguliwa mpaka unajiona. Mto ulikuwa umefura, mwekundu, unabeba migomba na mapaa ya vibanda vya watu. Mzee mmoja wa kamba alisema wangoje maji yapungue. Bwana Sengondo akasema mkubwa hangojeshwi.

Wakavuta. Walipofika katikati, mahali ambapo kamba hupinda kama upinde na mbao hulia, Matimbwa aliwatazama watoto wake ng'ambo, wadogo kama kunguru wawili, na karibu yao akaona kitu kilichomkata maini: furushi. Bi Mwantumu alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Mwezi haujaisha, ila mwanamke yule alikuwa amechoka kuhesabu siku.

Hapo Matimbwa akabadilisha wimbo.

"Bwana mwenye suti, thumni yetu i wapi?"

Wenzake wakaelewa. Hawakuitikia. Kamba ikanyamaza mikononi mwao, pantoni ikasimama, maji yakaanza kuipiga ubavuni. Bwana Sengondo akacheka kidogo, kama desturi inavyotaka. Matimbwa akarudia, kwa sauti iliyotulia, "Bwana mwenye suti, kiitikio ni chako. Thumni yetu i wapi?"

"Vuteni kwanza," Bwana Sengondo akasema. "Wimbo mzuri. Vuteni, tutaongea."

"Huo si wimbo, Bwana," akasema mvutaji mmoja, jamaa mfupi aitwaye Ngwele. "Huna sauti, au huna thumni?"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hakijaisha, mtu akapiga yowe. Kutoka juu ya mto lilikuwa linakuja gogo. Gogo gani! Mti mzima, na mizizi yake juu kama vidole, unazunguka, unakuja moja kwa moja kwenye pantoni. Gari likateleza mkono mmoja nyuma. Bwana Sengondo akalishika gari, akaliacha, akashika kamba, akamshika Ngwele shingoni.

Na Matimbwa? Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa maji. Alijua pantoni ikizama atazama nayo, na watoto wake watamtazama akizama. Lakini alijua pia kwamba hatapata tena siku kama hii. Akaimba mara ya tatu, sauti ikamtoka kama panga kwenye ala, "Thumni yetu i wapi?"

"Ninayo!" Bwana Sengondo akalia. "Thumni kwa kila mtu! Kuanzia leo! Vuteni, ndugu zangu, vuteni!"

Heee! Watu ishirini na wanne waliitikia kwa mpigo mmoja, kamba ikakaza ikatoa maji, pantoni ikaruka kama mbuzi. Vuta, heee! Vuta, heee! Gogo likapita nyuma yao, likakwangua ubao mmoja wa mwisho, likaenda zake baharini. Mpaka pantoni inagusa ng'ambo watu walikuwa wanaimba, wanalia, wanapigana mabega. Shomari na Siwema walikuwa wanarukaruka gatini bila kujua wanarukia nini.

Matimbwa akashuka, akamsimamisha Bwana Sengondo kabla hajapanda garini. Akamwomba kwa adabu, kofia mkononi, arudie ile ahadi mbele ya watu wa ng'ambo.

Bwana Sengondo akajifuta tope kwenye suti. Rangi ilikuwa imemrudia usoni.

"Ahadi gani, Matimbwa?"

"Ya thumni, Bwana. Uliyoitoa pale mtoni."

"Si mliimba? Nami nikaitikia. Nyinyi wenyewe husema la wimboni halina kesi. Basi na langu lilikuwa la wimboni."

Akapanda gari, akaenda.

  Mtu yule alikuwa amewafunga kwa kamba yao wenyewe. Bi Mwantumu alikuwa amesikia yote, ametia mikono kiunoni. Alimtazama mkwewe, akautazama mto, akasema, "Baba, usishangae. Ahadi ya mtoni haifiki ng'ambo."

Akaliinua furushi. Watoto wakamshika baba yao suruali. Matimbwa akamwomba mama mkwe jambo moja tu: angoje mpaka Bwana Sengondo arudi, kwa maana chakula chake, kitanda chake na ofisi yake viko upande wa kule.

Saa tisa Bwana Sengondo alirudi, ameshiba, amesifiwa. Akaingiza gari kwenye pantoni, akasema twende. Wavutaji walikuwa wamekaa chini, mikono mapajani. Matimbwa akasimama mbele yake. Hakuimba.

"Bwana, asubuhi niliimba, ukaniambia la wimboni halina kesi. Kweli. Kosa langu. Sasa siimbi, nasema, na watu wote wanasikia. Unavuka na ahadi yako, au unavuka peke yako? Ukivuka nayo, itamke hapa kwenye nchi kavu. Ukivuka peke yako, kamba ile pale, vuta."

 Bwana Sengondo akatazama kamba, akatazama viganja vyake. Akarudi garini, akakaa. Jioni aliondoka kwa barabara ya mbali, siku mbili mpaka kwenye daraja la reli. Wakaletwa wakuu wengine baada yake, na kila mmoja aliulizwa lile lile, kwenye nchi kavu, bila wimbo. Wapo waliokohoa, wapo walioitazama saa.

Bi Mwantumu je? Siku ile alilifungua furushi, akawatandikia wajukuu mkeka palepale gatini, akauza mihogo ya kuchoma kwa waliokwama. Alisema hawezi kwenda bara kabla hajalisikia jibu. Hakwenda mpaka anakufa, na watoto walikua machoni pa baba yao.

Basi hiyo ndiyo asili yake: ahadi ya mtoni haifiki ng'ambo. Nanyi ghorofa ya tatu imebaki dari tu, na msimamizi wenu bado yuko juu ya jukwaa la ujenzi. Mwacheni ashuke, akanyage chini, kisha mmuulize lile ambalo wakubwa wa Nyamtole hawajalijibu mpaka leo: Bwana, unavuka na ahadi yako, au unavuka peke yako?